Barakoa zimeondoka, madeni yamebaki: likizo ya meli ya kitalii baada ya Korona

Mtu aliyepanda meli ya kitalii mara ya mwisho mwaka 2019, akirudi leo hujiandaa kwa mambo ambayo hayapo tena. Kwa safari nyingi hakuna anayemdai cheti cha chanjo, hakuna anayechokonolewa pua gatini, na barakoa imebaki kwa anayeitaka mwenyewe. Yale yaliyobadilika na kubaki hayana harufu ya hospitali. Yako kwenye simu, kwenye bili, kwenye ratiba ya bandari, na kwenye idadi ya mara ambazo chumba chako kinasafishwa kwa siku. Mengi kati ya hayo yana mzizi mmoja, nao si virusi: ni fedha zilizokopwa wakati meli zimelala.

Historia kidogo basi, maana bila hiyo bili haieleweki. Mwaka 2019 meli za kitalii zilibeba abiria milioni 29.7 kwa hesabu za CLIA, chama cha kampuni za meli hizo. Mapema Februari 2020 meli ya Diamond Princess ikazuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na hadi mambo yanakwisha 712 kati yao walikuwa wameambukizwa. Machi 13 kampuni zinazotumia bandari za Marekani zikatangaza kusimamisha safari, na kesho yake CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikatoa amri ya kuzizuia. Mwaka 2020 ukaisha na abiria milioni 5.8, uliofuata ukawa na milioni 4.8 tu.

Sasa, meli iliyolala haiachi kula. Inataka mabaharia wa kuangalia mitambo, umeme, maji, bima na ukaguzi, huku haiingizi hata senti. Kampuni zikakopa kwa masharti ya mtu aliyebanwa. Carnival Corporation, iliyo kubwa kuliko zote, Aprili 2020 ilichukua dola bilioni 4 kwa riba ya asilimia 11.5, meli zake zikiwa rehani. Kufikia mwanzo wa 2023 madeni yake yalikuwa yamevuka dola bilioni 35. Meli za zamani zikapelekwa Aliağa, Uturuki, zikakatwe chuma chakavu: Carnival Fantasy, Sovereign, Monarch. Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza ikafa Julai 2020. Genting Hong Kong ikaanguka Januari 2022 na kuiburuta Crystal Cruises. Meli yake Crystal Symphony ikaishia kushusha abiria Bimini, Bahama, badala ya kuingia Miami, kwa kuwa huko amri ya kuikamata kwa deni la mafuta ilikuwa inaisubiri.

Abiria walirudi haraka kuliko wengi walivyodhani. Celebrity Edge iliondoka Fort Lauderdale Juni 26, 2021, ikiwa ya kwanza kubeba abiria wa kulipa kutoka bandari ya Marekani tangu amri ile. Julai 18, 2022 CDC ikafunga mpango wake wa Korona kwa meli. Mwaka 2023 abiria walikuwa milioni 31.7, mwaka uliofuata milioni 34.6. Watu wamejaa kuliko zamani, lakini madeni hayajaisha kulipwa. Kila unapokuta kitu kilichokuwa bure kimebandikwa bei, kumbuka ile asilimia 11.5.

Zoezi la dharura, na kwa nini watu bado wanalikosea

Hili ndilo badiliko zuri kuliko yote yaliyoletwa na janga, na ni bahati kwamba halikurudishwa nyuma. Zamani king'ora kilipolia, abiria wote walimiminika kwenye vituo vyao kwa wakati mmoja, wakasimama bega kwa bega nusu saa au zaidi wakisubiri waliochelewa. Korona ikafanya mkusanyiko ule usiwezekane. Julai 2020 Royal Caribbean ikatangaza mfumo wa kila mtu kulifanya kwa wakati wake, na kampuni nyingi zikafuata.

Linavyokwenda ni hivi. Unatazama video ya usalama kwenye programu ya meli au kwenye televisheni ya chumbani. Unasikiliza king'ora cha dharura: milio mifupi saba, kisha mmoja mrefu. Halafu unatembea mwenyewe hadi kituo cha kukusanyikia kilichoandikwa kwenye kadi yako ya chumba, kwa herufi na namba. Pale baharia anakuonyesha jaketi okozi linavyovaliwa, anaisoma kadi yako kwa kifaa chake, umemaliza. Dakika tano zinatosha.

Wanaokosea hukosea mahali pamoja: wanatazama video, wanaona alama ya kijani kwenye simu, wanadhani kazi imekwisha. Haijaisha mpaka kadi isomwe kituoni, na kila mtu wa chumba chenu husomewa yake. Saa moja kabla ya kuondoka majina yanaanza kutajwa kwenye vipaza sauti, na meli inaweza kukushusha ukikataa. Sheria haina mzaha hapa. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio Januari 2012 na watu 32 kufa, ndani yake walikuwamo abiria waliopanda siku hiyohiyo na ambao hawakuwa wamefanya zoezi lolote. Wakati ule kanuni iliruhusu saa 24. Tangu Januari 1, 2015 kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zinataka zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Mfumo mpya una upungufu mmoja. Haukuonyeshi watu elfu tatu wanavyoshuka ngazi kwa pamoja. Kwa hiyo usiende kituoni kwa lifti ukitokea baa. Anzia mlangoni mwa chumba chako, pita ngazi zilizo karibu, na hesabu milango kati ya chumba na ngazi. Kwenye moshi utaipapasa, hutaiona. Uliza pia majaketi yako wapi. Kwenye baadhi ya meli yamo kabatini chumbani, kwenye nyingine yanatunzwa kituoni, na anayerudi chumbani kutafuta jaketi ambalo halipo anapoteza dakika asizonazo. Watoto wadogo hupewa mkanda wa mkononi wenye namba ya kituo. Usiuvue hadi siku ya mwisho.

Sabuni, si sanitaiza

Korona iliacha mambo ambayo abiria hayaoni: vichujio bora vya hewa, hewa zaidi kutoka nje badala ya ileile kuzungushwa, vyumba vilivyotengwa kwa wagonjwa, zahanati zenye vifaa zaidi. Lakini iliacha pia tabia moja yenye kasoro, nayo ni imani kwamba ukinyunyizia mikono sanitaiza umemaliza. Kirusi cha Korona kina ganda la mafuta, na alkoholi huliyeyusha. Norovirusi, ile inayoangusha watu kwa kutapika na kuharisha melini, haina ganda hilo. Alkoholi haiifanyi lolote la maana. Chembe zake chache mno zinatosha kumwambukiza mtu, na hukaa kwenye vishikio na meza kwa siku kadhaa. Kinachoiondoa mikononi ni kusugua kwa sabuni kwa sekunde 20 na kusuuza, yaani kuichukua na kuiteremsha bombani. Ndiyo maana meli mpya zimewekewa masinki mlangoni mwa bafe. Yatumie, hata kama foleni ya sanitaiza ni fupi.

Bafe yenyewe imerudi karibu ilivyokuwa. Mwaka 2021 wahudumu ndio waliopakua. Sasa kwenye meli nyingi unajipakulia tena. Ugumu wake uko kwenye koleo la kupakulia: umenawa vizuri mlangoni, kisha unashika koleo lililoshikwa na watu mia mbili, kisha unamega mkate kwa vidole. Ukitaka kufanya jambo moja tu, pakua, weka sahani mezani, nenda kanawe tena, ndipo ule.

Kwa meli zinazogusa bandari za Marekani zikitokea nje, CDC ina mpango wa ukaguzi wa usafi ulioanza miaka ya 1970. Meli inapewa alama katika 100. 86 na kuendelea imefaulu, 85 kushuka chini imefeli, na matokeo hutangazwa. Mlipuko wa ugonjwa wa tumbo nao hutangazwa abiria au wafanyakazi walioripoti dalili wanapofika asilimia 3. Soma alama hizo kwa akili: meli iliyopata 97 na iliyopata 93 hazitofautiani sana. Iliyopata 86 mara mbili mfululizo, hiyo ni ya kuulizia. Na kumbuka kwamba meli safi kabisa inaweza kupata mlipuko, kwa kuwa ugonjwa huja na abiria.

Ukiugua, ripoti. Watu wanaficha kwa kuogopa kufungiwa chumbani, na ndivyo meli nzima inavyougua. Kwa tumbo, mfanyakazi anayeshika chakula hukaa pembeni hadi saa 48 baada ya dalili kuisha, wengine 24. Abiria hutakiwa kukaa chumbani kwa kiasi kama hicho. Kwa Korona utaratibu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini siku za kuizuia meli nzima bandarini zimepita. Zahanati ya meli hulipisha, na bei yake si ya huruma. Bili inaingia kwenye akaunti ya chumba chako, na bima ya afya ya nyumbani kwa kawaida haikubaliki pale. Unalipa kwanza, unadai baadaye kwa risiti. Ndiyo sababu bima ya safari tunaiona ya lazima, na kipengele cha kwanza cha kusoma ndani yake ni gharama za kuhamishwa kwa dharura ya kitabibu. Helikopta kutoka baharini inaweza kukugharimu kuliko likizo kumi.

Kazi imehamia kwenye simu yako

Zamani ulifika bandarini na karatasi zako, ukapanga foleni, karani akafanya mengine. Leo karani ni wewe. Usajili wa mtandaoni hufunguliwa wiki kadhaa kabla ya safari, na kitu cha thamani humo ni nafasi ya saa ya kufika bandarini. Nafasi za mapema huisha upesi. Utaratibu huu ulizaliwa ili kuzuia msongamano wakati wa Korona, ukabaki kwa kuwa ni nafuu kwa kila mtu.

Utapiga picha ya pasipoti na ya uso. Zinazokataliwa hukataliwa kwa sababu zilezile: mng'ao wa taa juu ya plastiki ya pasipoti, miwani, ukuta wa nyuma wenye mapambo, herufi za chini ya ukurasa zilizokatwa. Weka pasipoti kwenye meza nyeusi kando ya dirisha, zima taa ya simu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote, si lile unaloitwa kazini. Kisha chapisha vibandiko vya mizigo na uvishikize vizuri. Mzigo uliokabidhi gatini unaweza kufika chumbani jioni, kwa hiyo dawa, hati, chaja na nguo ya kuogelea vikae kwenye begi la mkononi. Dawa hasa.

Mlango wa bandari hufungwa dakika 60 hadi 90 kabla ya meli kuondoka, na saa hiyo imeandikwa kwenye tiketi. Anayesafiri kwa ndege kwenda kupanda meli afike jana yake. Hakuna ushauri unaopuuzwa kama huu, na hakuna unaolipiza kisasi haraka hivyo.

Ukishaingia, programu ya kampuni ndiyo ratiba, ndiyo menyu, ndiyo ramani. Karatasi ya matukio ya siku iliyokuwa ikiachwa mlangoni kila jioni imeondolewa kwenye meli nyingi, ingawa ukiomba mapokezi mara nyingi utapata. Programu hufanya kazi kwenye Wi-Fi ya meli bila kununua kifurushi cha intaneti. Ila weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla meli haijatoka bandarini, kisha washa Wi-Fi peke yake. Meli nyingi zina mnara wake wa simu unaounganishwa na setilaiti, na simu isiyofungwa huukamata yenyewe na kupakua barua pepe kwa bei ambayo hutaiamini utakapoiona mwezi ujao.

Intaneti yenyewe ni sehemu ambapo mambo yamekuwa mazuri waziwazi. Setilaiti za zamani zilikaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta; ishara ilipanda na kushuka, na kila swali lilingoja zaidi ya nusu sekunde. Royal Caribbean ilitangaza Agosti 2022 kuweka Starlink, intaneti ya setilaiti zinazopita chini zaidi, kwenye meli zake zote, wengine wakafuata, na setilaiti hizo ziko takriban kilomita 550 tu. Simu ya video sasa inawezekana katikati ya bahari. Bei haijashuka kwa kasi hiyohiyo. Soma kifurushi kinahesabu vifaa vingapi kwa wakati mmoja. Kimoja kinatosha watu wawili wanaopokezana.

Fedha zinapopungukia mikononi mwako

Kampuni nyingi kubwa zimeacha usafi wa chumba mara mbili kwa siku. Sasa ni mara moja, na siku ya kwanza mhudumu atakuuliza asubuhi au jioni. Chagua kwa makusudi: mwenye watoto wanaorudi na mchanga kutoka ufukweni achague jioni, mlala-sana achague jioni pia, wengine asubuhi. Mhudumu sasa ana vyumba vingi zaidi, na haya si mapenzi yake. Bakshishi inayokatwa kila siku kwa kila mtu, watoto wakiwamo, kwenye kampuni kubwa za Marekani imefika dola 16 hadi 20 kwa vyumba vya kawaida na zaidi kwa vile vya kifahari. Familia ya watu wanne kwa siku saba, kwa dola 18, ni dola 504. Hiyo haimo kwenye bei uliyoiona kwenye tangazo, labda useme wewe mwenyewe iingizwe.

Vifurushi vya vinywaji vina mitego miwili. Wa kwanza: kwenye kampuni kadhaa mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue. Wa pili: juu ya bei ya siku kuna ada ya huduma ya asilimia 18 au 20. Fanya hesabu kwa siku za baharini na za bandari kando kando, maana siku ya bandari uko nje kwa muda wa saa nane au tisa na glasi ya meli haikufuati. Bei ya vifurushi hupandishwa na kushushwa kila mara kabla ya safari. Nunua mapema, kagua kila wiki, ikishuka futa na ununue upya. Kwenye kampuni nyingi kufuta kabla ya siku ya kupanda hakuna adhabu, na ni dakika mbili za kazi.

Bei ya chumba nayo inacheza hivyohivyo. Malipo ya mwisho kwa kawaida hudaiwa kiasi cha siku 90 kabla ya safari, na kabla ya siku hiyo bei ikishuka unaweza kuomba urekebishiwe. Baada yake huna nguvu. Wale waliozoea kuvizia bei za dakika za mwisho wajue kwamba mchezo huo umekuwa mgumu, kwa sababu meli zinajaa mapema.

Na zinajaa kwa maana ya ajabu kidogo. Katika biashara hii asilimia 100 ni watu wawili kwa kila chumba. Vyumba vyenye kitanda cha tatu na cha nne huifanya meli ivuke mia. Icon of the Seas, iliyoanza safari Miami Januari 2024, ina nafasi 5,610 kwa hesabu ya wawili-wawili, lakini inaweza kubeba abiria 7,600. Hiyo ni asilimia 135. Tofauti hiyo ya watu karibu elfu mbili ndiyo utakayokutana nayo kwenye lifti wiki ya likizo za shule. Anayetaka utulivu apande nje ya likizo hizo; ukubwa wa meli unahusika kidogo kuliko tarehe.

Visiwa vya kampuni na bandari zilizochoka

Tazama ratiba za Karibi utaona jina la kisiwa usichokikuta kwenye vitabu vya jiografia. Perfect Day at CocoCay ya Royal Caribbean ilifunguliwa 2019, Ocean Cay ya MSC mwaka huohuo, Lookout Cay ya Disney 2024, na Celebration Key ya Carnival, kwenye kisiwa cha Grand Bahama, Julai 2025. Jua ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni mafuta. Mafuta yanayochomwa kusukuma meli kwa kila maili hupanda takriban kwa mraba wa kasi. Meli inayokwenda maili 16 za baharini kwa saa badala ya 20 huokoa zaidi ya theluthi moja ya mafuta ya kusukuma kwa safari ileile, ukiacha umeme wa taa, majiko na viyoyozi ambao haujali kasi. Kisiwa kilicho karibu na Florida kinairuhusu meli kujikokota usiku kucha, na mchana kila soda, kibanda cha kivuli na tiketi ya mteremko wa maji inalipwa kwa mwenye meli yuleyule. Kabla ya kukubali kibanda cha mamia ya dola uliza viti vya bure viko wapi. Vipo, ila mabango hayaelekezi huko.

Wakati huohuo bandari za kweli zimeanza kufunga milango. Kipindi cha ukimya kiliwaonyesha wenyeji mji wao ulivyo bila umati, na wengine hawakutaka kurudi. Venice tangu Agosti 1, 2021 haipitishi meli zinazozidi tani 25,000 za ujazo kwenye mfereji wa Giudecca. Meli kubwa inayotangaza Venice inaweza kukushusha Marghera au hata Ravenna, na kutoka Ravenna ni safari ya saa mbili au zaidi kwa basi. Juneau, Alaska, iliweka ukomo wa meli kubwa tano kwa siku kuanzia 2024. Santorini imepunguza abiria hadi 8,000 kwa siku, na tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza euro 20 kwa anayeshuka Santorini au Mykonos msimu wa kilele. Mexico ilianza dola 5 kwa kila abiria mwezi huohuo, na imepanga kuongeza kwa hatua. Kodi hizi huingizwa kwenye bili yako hata ukibaki melini, kutegemea nchi. Soma jina la gati, si jina la mji.

Bahari ya Shamu nayo iliondoka kwenye ratiba nyingi baada ya mashambulizi yaliyoanza Novemba 2023, na safari za kuvuka kutoka Ulaya kwenda Asia zikazungushwa Rasi ya Tumaini Jema au kufutwa. Mkataba wa abiria unampa nahodha haki ya kuacha bandari yoyote. Unachorudishiwa ni ada za bandari hiyo, basi. Ziara uliyonunua kwa kampuni ya meli itarudishwa; uliyojitafutia mwenyewe inategemea masharti ya mwenyeji wako, kwa hiyo lipia wale tu wanaokubali kurudisha meli isipofika.

Safari yote ikifutwa ni jambo jingine. Mwaka 2020 baadhi ya kampuni zilitoa vocha za asilimia 125 badala ya fedha, na watu waliochukua vocha za kampuni zilizokufa baadaye walibaki na karatasi. Tangu Aprili 2022 kanuni za Marekani zinasema safari inayoanzia huko ikifutwa, au ikichelewa siku tatu au zaidi nawe ukaamua kutopanda, unastahili fedha zako. Kwingine soma sheria ya nchi ulikonunulia. Lipa kwa kadi ya mkopo ukiweza, na omba fedha, si vocha, kabla hujabonyeza kitufe chochote kwenye barua pepe yao ya kuomba radhi.

Viza huharibu safari nyingi za wenye pasipoti zinazohitaji viza, na kosa ni lilelile. Meli ikitoka Barcelona, ikapita Uturuki, ikarudi Italia, umetoka Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena: viza ya kuingia mara moja haikutoshi, unahitaji ya mara nyingi. Croatia imo Schengen tangu Januari 1, 2023, kwa hiyo orodha za zamani za mtandaoni zinapotosha. Marekani ni vilevile. Meli ikigusa Bahama na kurudi Miami, unaingia upya. Kampuni hukagua hati zako gatini na ikizikuta pungufu hupandi, wala hurudishiwi. Pasipoti iwe na miezi sita baada ya tarehe ya kushuka.

La mwisho ni saa. Simu hubadili saa yenyewe inaposhika mnara wa nchi kavu, meli haibadilishi hadi nahodha aseme, na ratiba zote hufuata saa ya meli. Machi 2024 Norwegian Dawn iliondoka São Tomé na kuacha abiria wanane waliochelewa na ziara binafsi. Wakasafiri hadi Gambia kuiwahi, meli ikashindwa kutia gati Banjul kwa maji kupwa, wakalazimika kuifuata Senegal. Vaa saa ya mkono iliyotegwa kwa saa ya meli na uizime simu isijirekebishe. Na kabla ya kushuka, piga picha ya namba ya wakala wa meli wa bandari hiyo, ambayo huandikwa chini ya ratiba ya siku kwa herufi ndogo. Nakala ya pasipoti iwe mfukoni, maana wahudumu wakiona hujarudi watafungua sefu yako, na pasipoti wakiipata wataiacha kwa wakala yuleyule.